Gulnara na Milango ya Sukari

Siku hizi bado naamka mapema, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri. Nakaa dirishani kwangu Wembley na kikombe cha chai isiyo na sukari, adhabu niliyowapa watu wengi maishani na sasa najipa mwenyewe, nikitazama ukungu unavyoliachia tao la uwanja kidogo kidogo. Chini watu wanakwenda stesheni. Ningependa kusema naziona nyuso zao, lakini kazi imeniharibu: naona viuno. Huyu amefunga mkanda chini ya tumbo. Yule anapumzika kila baada ya ngazi chache na kujifanya anatafuta simu. Nusu nipo macho, nusu naota, na wote wanapita kama waliokuja kupimwa.

Nyinyi mliobaki kliniki mliniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijayasahau. Mengi nimeshayasahau. Haya ni yale yaliyokataa kuondoka.

Siku yangu ya kwanza katika uuguzi wa kisukari ilikuwa ya mvua ile nyembamba ya London ambayo huioni mpaka umelowa. Kliniki ilikuwa Kilburn, chumba cha nyuma chenye hita iliyokuwa ikinguruma bila kutoa joto lolote. Humo nilimkuta Ramila, muuguzi mkuu, Mhindi wa Unguja aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya shule niliyosoma mimi. Ilitubidi wote tuje Kilburn ndipo tujuane. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe kama nimekula, kisha akanipa tepu ya kupimia na mgonjwa wa kwanza, mzee mmoja mwenye haya nyingi. Nami nilikuwa na haya kumzidi. Nikamzungushia tepu juu ya koti, nikaandika nilichokiona, nikajiona nimemaliza.

Ramila alisoma, akacheka puani. "Zuhura, umepima koti," akasema. "Koti halina kisukari, shoga yangu. Rudi ukampime mwenye koti."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuipasha tepu moto viganjani kabla ya kumgusa mtu, kwa sababu mtu akishtushwa na baridi huvuta tumbo ndani, na tumbo lililovutwa linadanganya. Alinifundisha kumtazama mgonjwa anavyoinuka kwenye kiti kabla sijamtazama kwenye karatasi. Na alinifundisha milango. Vitabuni mnasoma juu ya vihatarishi, neno zuri la kujibia mtihani. Ramila alisema sukari ni mgeni asiyealikwa, na nyumba ya kila mtu ina milango. Kuna mlango wa ukoo: mama, baba, ndugu wa tumbo moja. Kuna mlango wa kiuno, wa umri, wa presha, wa kukaa kitako kutwa nzima, wa kukosa usingizi. Kwa wanawake kuna mlango wa mimba, maana aliyepata sukari akiwa mjamzito huambiwa imeondoka, kumbe imetoka nje tu na inasubiri barazani. "Mingine huwezi kuifunga," alikuwa akisema. "Ukoo utaufungaje? Basi funga ile yenye komeo."

Miaka hiyo ya Kilburn na Wembley naiona sasa kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Naona vidole tu, vidole vya kila rangi vikinyooshwa vichomwe. Naona nyayo, na mimi nimepiga magoti nazigusa kwa ule uzi mgumu wa plastiki wa kupimia ganzi, mwenyewe amefumba macho aniambie anausikia wapi. Watu wakifumba macho mbele yako huzungumza mambo mengine kabisa. Kuna mama wa Kigujarati aliyefumba macho akanisimulia duka la baba yake Mombasa, rafu kwa rafu. Kuna mzee wetu wa Kipemba aliyeniapia hatumii sukari, wallahi, tangu Ramadhani. Nikamuuliza halwa je? Akafumbua jicho moja. "Halwa ni halwa, Bi Zuhura. Wewe umeniuliza sukari." Mjukuu wake alikuwa pembeni, akasema, "Babu, come on," na mzee akamwambia asiingilie mambo ya wakubwa.

Basi nilipohamishiwa Edmonton nilidhani milango yote nimeshaiona. Nilikwenda kwa treni ya juu, ile inayopita nyuma ya nyumba za watu, unaona bustani zao, nguo zao, na baiskeli za watoto waliokwisha kukua. Nilikuwa nikisinzia humo kila asubuhi, na mara nyingi nilishuka sijui kama nimeota njia au nimeipita. Kliniki ilikuwa ghorofani. Kazi yangu ilikuwa darasa la wale walio ukingoni, yaani ambao sukari yao imepanda lakini bado haijaitwa ugonjwa.

Gulnara alikuja darasani siku ya baridi kali akiwa na koti la kazini la ghala. Alikuwa Mkirigizi, kutoka nchi ya milima ambayo mpaka siku ile sikuweza kuionyesha kwenye ramani. Mwanamke wa makamo, uso mpana, mikono ya mtu asiyekaa bure. Kiingereza chake alikiokota ghalani, amri fupi fupi, na changu mnakijua. Nikiandika maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyoyasikia kichwani siku hizi. Aliniita Zuhura eje, na eje kwao ni dada mkubwa. Nilipenda, sikumwambia.

Milango yake ilikuwa wazi karibu yote. Alipata sukari katika mimba ya mwisho. Kiuno kilikuwa kimepanuka tangu aje London. Alifanya kazi za zamu ya usiku. Nilipofika kwenye ukoo aligeuka akatazama dirishani.

"Mama alikuwa na sukari," akasema. "Ilimla macho. Mimi nilikuwa mdogo. Akawa ananishika uso kwa vidole ili ajue nimekua kiasi gani. Dada yangu naye sasa haoni jicho moja." Kisha akanigeukia. "Eje, mimi siogopi kufa. Naogopa kushika nyuso za watu."

Nilimwambia tutajitahidi, maneno mepesi sana, na usiku ule nikaota nyuso zisizo na macho. Tangu hapo nikamchukua kama wangu. Mliokuwapo mtakumbuka mlinitania.

Nilimwambia apunguze mkate, aache jamu kwenye chai, atembee kila siku. Kila nililosema alilikubali. Alirudi, sukari imepanda kidogo. Nikasema tena, akakubali tena, ikapanda tena. Mgonjwa mbishi ni rahisi, unajua pa kumshika. Anayekubali kila kitu ndiye anayekukosesha raha. Nikampigia Ramila, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anapanda bizari kwenye vyungu. Akaniuliza swali moja tu: "Meza yake umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Na Gulnara alikuwa amenialika chai mara nyingi. Nikamwomba ruhusa meneja wetu, akapumua kwa nguvu, akakubali. Siku ya Jumamosi, mchana, nikaenda.

Waliishi kwenye fleti ya ghorofa ya chini, Gulnara, mumewe Azamat anayeendesha gari la mizigo, watoto, na mama mkwe wake, Burul Apa; apa kwao ni jina la heshima la mwanamke mzee. Nilivua viatu nikaingia kwenye chumba kilichotandikwa magodoro membamba ya rangi, na katikati kitambaa kirefu kimejaa vyakula mpaka huoni ua lake. Mkate, jamu, malai mazito, peremende, zabibu kavu, na mlima wa vitu vya unga vilivyokaangwa ambavyo nilivitambua papo hapo. Wao wanaviita boorsok. Mimi nilikuwa nikivitazama vimandazi vya bibi yangu, vidogo zaidi, na macho yakanilowa kwa jambo la kijinga kama hilo. Dirisha lilikuwa na mvuke, taa ilikuwa ya njano, na kwa kitambo sikujua niko nchi gani.

Burul Apa alikaa mbali na mlango, mahali pa heshima, kitambaa cheupe kichwani. Gulnara alikaa karibu na mlango, birika pembeni yake. Kazi yake ilikuwa kumimina, na hakuinuka ila kuongeza maji. Alinitilia chai kwenye bakuli dogo lisilo na mkono, chini ya nusu. Nikasema moyoni, hee, chai nayo ni ghali Edmonton? Nikainywa yote, maana kwetu kubakisha ni dharau. Akalichukua bakuli, akatia tena kidogo. Nikamaliza. Akatia. Wakaingia jirani wawili, Wakirigizi wenzao, wakala, wakanywa, wakaondoka, na kwa kila aliyeingia Gulnara alimega mkate upya na kula naye, kwa sababu mwenye nyumba hamwachi mgeni ale peke yake. Alikuwa ametoka zamu asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaanza kuona kilichokuwa kikimshinda. Mkate ule haukuwa njaa yake. Ulikuwa kazi yake ya pili.

Nami kibofu kilikuwa kinanilalamikia. Nikaona nimpunguzie taabu ya kuinua birika kila dakika.

"Nijazie tu, mwanangu," nikamwambia. "Usijisumbue na hizi nusu nusu."

Burul Apa aliacha kutafuna. Akamuuliza mkwe wake jambo kwa sauti ya chini. Gulnara akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Apa anauliza tumekukosea nini."

"Kunikosea? Wapi?"

"Eje, kwetu bakuli halijazwi. Tunatia kidogo ili mgeni alirudishe, tumtilie tena, akae na sisi. Ukimjazia mtu umemwambia, kunywa hii, uondoke."

Nilitamani godoro linimeze. Nikamwambia amweleze Apa kwamba kisiwani kwetu mambo ni kinyume, mgeni akitiliwa nusu kikombe anaanza kutafuta viatu vyake. Gulnara akatafsiri. Bibi alinitazama, akanitazama tena, halafu akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza. Kicheko hicho ndicho kilichofungua siku. Akauliza mimi ni nani hasa, nafanya kazi gani.

Hapo Gulnara aliniangalia kwa namna ambayo nilielewa mara moja. Alikuwa amemwambia kwamba mimi ni rafiki wa darasani. Mkwe hasemi anaumwa mbele ya mama mkwe, si katika nyumba ile, na yeye alikuwa amebeba siri yake miezi yote hiyo huku akimega mkate.

"Mwambie mimi ni muuguzi wa sukari," nikasema. "Lako ni lako. Mimi silisemi."

Apa akataka kujua sukari inamwingiaje mtu. Nikaanza kumhesabia milango ya Ramila, nayo ikapita kinywani mwa Gulnara ikageuka Kikirigizi. Kiuno. Umri. Presha. Kukaa. Usingizi. Sijawahi kuona tafsiri ngumu kama ile, mtu anasomewa mwili wake na yeye mwenyewe ndiye anayeusoma kwa sauti. Alipofika kwenye mimba sauti ikapungua. Alipofika kwenye ukoo ikakatika.

Apa akauliza kitu, neno moja au mawili. Gulnara akajibu, akaendelea kujibu, na nikajua hanitafsiri tena mimi. Alizungumza akitazama kitambaa. Nilishika neno moja tu, apa, kwa maana mama pia wanamwita hivyo. Alipoinua mkono akajigusa uso kwa ncha za vidole, sikuhitaji mkalimani. Bibi, kama nilivyoelezwa baadaye, alijua kwamba mama wa mkwe wake alikuwa kipofu. Hakuwahi kuambiwa kwamba ilikuwa sukari, na hakuwahi kuambiwa kwamba sukari hiyo imeshafika mlangoni kwake Edmonton.

Kisha Burul Apa akajisogeza, kwa magoti, kwa tabu, kutoka mahali pake pa heshima mpaka karibu na mlango. Akamwondolea Gulnara birika mkononi. Akachukua bakuli la Gulnara akamimina, na akaendelea kumimina, mpaka chai ikafika ukingoni, ikatetemeka, ikamwagikia kitambaani.

Gulnara alilia. Mimi mwenyewe nilishtuka, kwa sababu maana yake nilikuwa nimefundishwa muda mfupi tu uliopita. Azamat alikuwa ameingia kutoka kazini, akasimama na viatu mkononi.

Bibi akasema maneno machache kwa ukali, akaonyesha mlango kwa kidevu. Gulnara alinitafsiria baadaye, nje, akiwa bado anajifuta pua. "Amesema, kunywa uondoke hapa. Nenda ukatembee. Birika nitalishika mimi, na nikichoka atalishika mwanangu, kwani mikono yake imekatika?"

Tulitembea mpaka mtoni, mto Lea, mimi na yeye, kwenye mwanga ule wa majivu ambao hapa huitwa mchana. Maji yalikuwa hayaendi popote. Kulikuwa na mabata, na mtu mmoja anavua samaki ambaye sidhani alikuwa na nia ya kumpata. Nilikuwa na usingizi wa chai na vimandazi na nilimwona Gulnara mbele yangu akiongeza hatua, akiongeza, mpaka akawa mdogo, koti la ghala likimpepea. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu.

Kuanzia siku hiyo alijaziwa bakuli kila mchana. Wageni walishangaa, na habari zikaenea miongoni mwa Wakirigizi wa upande ule kwamba bibi yule amegeuka mkali, anamfukuza mkwe wake mbele za watu. Burul Apa hakujali. Alikuja kliniki apimwe naye, akaruka tepu ilipomgusa ubavu, akamwambia Gulnara anitafsirie kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kumtekenya hivyo. Azamat alijifunza kumimina chai. Aliimimina vibaya, lakini alimimina. Gulnara akahama zamu, akawa wa mchana, akalala. Sukari ikarudi nyuma kutoka ukingoni, pole pole, kama mtu anayeondoka bila kuaga, ikakaa mbali kwa miaka.

Ningeweza kukomea hapo, na nyinyi mngepata hadithi nzuri ya kusimulia kwenye mafunzo. Lakini mlango wa ukoo hauna komeo, na wa umri unajifungua wenyewe. Burul Apa alifariki. Watoto wakaoa na kuolewa. Gulnara akafika umri ambao mwili wa mwanamke hubadilisha sheria bila kumuuliza. Miezi yangu ya mwisho kazini kipimo chake kilirudi, na safari hii hakikuwa ukingoni. Kilikuwa kimevuka.

Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi habari hiyo, na kwa mara ya kwanza nilitamani nimwachie mwenzangu. Nilijiona nimeshindwa, niseme kweli, nilijiona kazi yangu yote imeshindwa katika karatasi moja.

Alikuja asubuhi, na mjukuu, mtoto wa binti yake, mvulana wa kuanza kutembea tu aliyevishwa nguo nyingi hata mikono haishuki. Nikamwambia. Alisikiliza akimshika mtoto kofia. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Na macho?"

Picha za macho zilikuwa zimeshapigwa. Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha ile duara ya rangi ya chungwa na mishipa yake myembamba, safi, haina doa. Nikamwambia hakuna kitu. Nikamwambia tutaanza dawa, na macho yatapigwa picha kila mwaka, na kwamba amelikuta jambo hili mapema kuliko mama yake alivyowahi kulikuta.

Akaitazama picha ya jicho lake kwa jicho lake. Kisha akamtazama mtoto.

"Mama alinijua uso mpaka nikiwa kama huyu," akasema. "Baada ya hapo alikisia. Mimi nimemwona binti yangu akiolewa, eje. Nimemwona huyu siku aliyozaliwa. Unasikitika nini?"

Niligeukia sinki nikanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nililia hapo, mbele ya dawa ya kusafishia, na alinisubiri nimalize. Halafu akachukua karatasi ya dawa, akamfunga mtoto zipu mpaka kidevuni, akashuka ngazi.

Nilikwenda dirishani. Walisimama kituoni, yeye amembeba mtoto ubavuni, ukungu umeifunika barabara nzima. Mimi sikuona kitu huko mwisho. Nilimwona yeye tu akinyoosha kidole, midomo ikitembea taratibu, akimsomea mjukuu wake namba ya basi lililokuwa bado mbali.